Baiskeli Mbili za Kukodi

Nilikuja na orodha,
nimeiandika nyuma ya tikiti ya basi la Mombasa:
nguzo ya Mreno, kanisa dogo la makuti,
makaburi ya minara kando ya msikiti wa Juma,
kisha, tukibakiwa na pumzi, Silversand.
Mgeni nilikuwa mimi, na kiongozi nikajifanya mimi.

Shangazi Riziki aliisoma, akaikunja mara nne,
akaisokomeza kifuani pamoja na noti zake.
"Haya," akasema. "Tangulia."

Kwa fundi Mwaringa, pale Barani, tulipewa
moja nyekundu isiyo na breki ya nyuma
na moja nyeusi, ndefu kama ngamia,
kerea yake imefungwa kwa ukanda wa mpira.
Shilingi mia kwa saa.
Fundi alimtazama shangazi, buibui lake,
miaka yake sitini na minne,
akauliza kama tusingependelea tuktuk.
Shangazi akalipandisha buibui, akalifunga kiunoni
(ndani alivaa suruali ya marehemu mumewe)
akachagua ngamia.

Sikujua. Nani angeniambia
kwamba alikuwapo msichana mmoja wa Shela
akiiba baiskeli ya kaka yake, yaani baba yangu,
saa ya kulala mchana, mtaa mzima ukikoroma,
akaifikisha hadi Maweni na kuirudisha
kabla adhana ya alasiri haijamuumbua?
"Babako alichapwa kwa pancha zangu,"
alisema bila kugeuka,
"na hakunitaja.
Unadhani kwa nini nakukaangia samaki?"

Kwenye nguzo, alibaki nje na baiskeli.
"Nenda wewe. Mimi nimeiona tangu nina meno ya utoto,
haijanisalimu hata siku moja."
Nikaenda. Jiwe jeupe, msalaba, upepo,
na bahari chini yake rangi ya chai ya maziwa
kwa kuwa Sabaki imeshuka na udongo wa bara.
Nilipiga picha mbili. Ya pili ilitoka kidole.
Nilipogeuka nikamwona kule langoni
akiwafundisha watoto watatu
kugonga kengele kwa ufundi:
si tring, bali tri-tring, kama mtu mwenye haraka na adabu.

Baada ya hapo orodha haikutajwa tena.
Alinionyesha kona alikoangukia mkojani mwa punda.
Alinionyesha duka la kadi za simu
lililokuwa, zamani, la mshona kofia asiyependa kulipwa Ijumaa.
Alinionyesha ukuta, ukuta tu,
akasimama kidogo, hakusema ni wa nini,
akapanda tena.

Katika barabara ya mivinje mnyororo wangu ulitoka.
Niliutazama kama mtu anayetazama mtihani.
Yeye akaupachika kwa vidole viwili;
grisi ikapita juu ya hina, hina ikakubali.

Ndipo tukafika kwenye lango la hoteli
alikofua mashuka miaka thelathini na mmoja.
Mlinzi, kijana wa juzi, akainua mkono:
"Mama, mlango wa wafanyakazi uko nyuma."
"Naujua. Bawaba yake ya chini hulia.
Leo nimekuja kwa huu."
Tri-tring.
Sijui kilichomfungua yule kijana, sauti au kengele.
Tuliingia. Tukaizunguka chemchemi mara moja,
polepole, maji yakiturushia vitone,
Mtaliano mmoja akishusha gazeti lake.
Hatukunywa hata soda.
Tukatoka.

Fundi Mwaringa alitazama saa ya ukutani:
saa tatu na dakika kumi, kwa hiyo mia nne kila mmoja.
"Mia tatu," akasema shangazi.
"Zile dakika kumi nilikuwa fundi wako."
Akatoa noti kifuani, na orodha ikaanguka nazo,
imelowa jasho, wino umevuja kote;
nilichoweza kusoma ni *tukibakiwa na pumzi*.

Akaiokota, akajifutia grisi.